Kama waumini wenyewe ndo hawa, hii imani ya Kikristo ni kweli au tunaigiza?

Kalamu_Kavu

Wakuu habari zenu. Niseme mapema kabisa sijaja kutukana dini ya mtu, mimi mwenyewe nimebatizwa, kwaya nimeimba miaka sita na Biblia naisoma, ila kuna kitu kimenikaba koo nimechoka kukimeza.

Nilifanya kazi kwa mzee mmoja wa kanisa, kanisa hilo hilo ninaloabudu. Ofisi yenyewe ndogo tu, mimi ndo nilikuwa naandika risiti na kutunza vitabu vya hesabu. Mezani kwake kuna Biblia kubwa ya jalada jeusi, iko wazi muda wote pale Zaburi ya 23, na chini ya hiyo Biblia, yaani chini yake kabisa, ndo kilikuwa kinakaa kitabu cha pili cha risiti. Kile kinachoonekana ni cha watu wa kodi, kile cha chini ndo hesabu ya kweli. Mteja akishatoka ananiambia "inua Neno hapo uandike". Alikuwa anasema hivyo bila hata kutabasamu, kwake yalikuwa maelekezo ya kazi tu kama mengine.

Mshahara mwezi wa kwanza nikapewa, wa pili nusu, wa tatu na wa nne hadithi. Nikimuuliza ananishika mkono, anafumba macho, tunaomba. Anamwomba Mungu afungue milango. Wakuu, mtu mwenye ufunguo mfukoni anamwomba Mungu afungue mlango, na mimi hapo nasema amina!

Sasa jumapili moja akasimama mbele kutoa ushuhuda, mada uaminifu katika mambo madogo, akasoma na Luka 16:10, sauti inatetemeka, watu wanafuta machozi. Mimi niko kwenye kwaya nyuma yake nakiangalia kisogo chake. Zamu yetu ya kuimba ilipofika mdomo ukafunguka sauti haikutoka. Baadaye nikamfuata mchungaji nikamweleza yote, akanisikiliza vizuri tu halafu akaniambia niwe mwangalifu, imeandikwa msiwaguse masihi wangu, na kwamba haya mambo yakisambaa nitaliaibisha jina la Bwana na wachanga wa kiroho watarudi nyuma.

Swali langu ndo hili. Imani hii ni kweli au tunaigiza wote? Kama Roho Mtakatifu anakaa ndani ya mtu na kumbadilisha, huyu mzee miaka yote hiyo mbona hajabadilika? Na tafadhali sitaki jibu la "mwangalie Mungu usimwangalie mwanadamu", hilo nimeshalisikia mpaka masikio yameota sugu.

Mguu_Nje

Karibu nje mkuu, huku hakuna sadaka ya pili.

Ndugu_Mwenzenu

Mtoa mada usiyumbishwe. Noti feki zikiwepo maana yake noti halali zipo, hakuna mtu anayetengeneza feki ya kitu ambacho hakipo. Wanafiki wanathibitisha Wakristo wa kweli wapo. Barikiwa.

Sijashawishika

Ndugu_Mwenzenu hiyo ya noti feki naomba tuipumzishe, inatumika kila mahali na haina miguu. Noti feki inaonyesha noti halali ipo kwa sababu noti halali tumeshaishika mkononi. Lakini dawa feki za kumrefusha mtu mzima zimejaa kila kona na dawa halali ya kumrefusha mtu mzima haipo. Feki inathibitisha kitu kimoja tu, kwamba watu wanakitaka sana hicho kitu.

Mimi si muumini siku hizi ila nitasema ukweli. Hoja ya "kuna wanafiki kwa hiyo Mungu hayupo" ni mbovu, hata sisi tusioamini wanafiki wetu tunao tena wengine wanaandika humu humu. Hoja yenye meno ni nyingine na naona watu wataikwepa. Ukristo haukuahidi maneno matamu tu, umeahidi matokeo. 2 Wakorintho 5:17, mtu akiwa ndani ya Kristo amekuwa kiumbe kipya. Mathayo 7, mtawatambua kwa matunda yao. Wagalatia 5, tunda la Roho ni upendo, furaha, amani na kuendelea. Sasa mtu akikuuzia mbegu akakuapia itaota, umepanda, umemwagilia, haijaota, unarudi kumuuliza kuhusu mbegu. Hawezi kukwambia usiangalie shamba.

Halafu mchukueni John Newton, yule Mwingereza aliyetunga wimbo wa Amazing Grace. Mwenyewe anasema moyo wake uligeuka kwenye dhoruba baharini mwaka 1748. Baada ya hapo akawa nahodha wa meli za watumwa mpaka 1754, juu anawaongoza mabaharia kwenye ibada, chini watu wamefungwa minyororo. Na kilichomtoa baharini ni ugonjwa, si dhamiri. Akawa kasisi 1764. Kijitabu chake cha kuipinga biashara hiyo kimetoka lini? 1788. Hesabuni wenyewe kutoka ile dhoruba, miaka 40. Roho Mtakatifu alikuwa anasubiri nini?

Abuu_T

Poleni majirani. Hata kwetu wapo, tena wanafiki wana sura yao nzima kwenye Qur'an, Al-Munafiqun, ya 63, na hilo neno mnafiki mnalotumia hapa limetoka huko huko kwenye Kiarabu. Kwa hiyo mtoa mada usidhani ukihama nyumba utawaacha, watakukuta mlangoni wameshafika kabla yako. Kuhusu ukweli wa dini hapo tunatofautiana ila kuhusu mshahara hatutofautiani, mtu alipwe kabla jasho halijakauka.

Jiwe_Pembeni

Kalamu_Kavu pole sana ndugu yangu. Nilipofika hapo pa risiti chini ya Zaburi 23 ilibidi niweke simu chini kwanza. Nitaandika kirefu, anayechoka aruke.

Kwanza umefunga maswali mawili kamba moja. La kwanza, je Yesu alikufa akafufuka kweli au hapana. La pili, je huyu mzee wako anaishi kama mtu anayeamini hilo. La pili umeshalijibu mwenyewe na mimi nakubaliana na wewe. Ila la kwanza halijaguswa bado. Paulo imani yote kaiweka juu ya nguzo moja, 1 Wakorintho 15:14, kama Kristo hakufufuka basi kuhubiri kwetu ni bure na imani yenu ni bure. Hakusema kama Wakristo wakiwa wanafiki imani ni bure, na angesema hivyo imani ingezikwa siku hiyo hiyo barua ilipofika, maana barua ni hiyo hiyo, geuza nyuma uone. Sura ya 5 kuna jamaa anaishi na mke wa baba yake na kanisa linajivuna. Sura ya 6 wanaburutana mahakamani. Sura ya 11 kwenye chakula cha Bwana huyu ana njaa na huyu kalewa. Hiyo ni kama mwaka 55, hata miaka 30 haijatimia tangu msalabani. Watu wanasema turudi kwenye kanisa la kwanza, lipi sasa, hilo la Korintho?

Pili, hasira uliyonayo haijatoka nje ya Biblia, imetoka ndani yake. Soma Mathayo 23 taratibu. Neno la Kigiriki tulilolitafsiri mnafiki lilikuwa la mwigizaji wa jukwaani, yule anayevaa sura ya bandia na kusema maneno ya mtu mwingine, kwa hiyo ulipouliza "au tunaigiza" umelishika neno lenyewe bila kujua. Na Yesu pale anasema kitu cha ajabu ambacho mahubiri mengi yanakiruka, mstari wa 3, yote watakayowaambia yashikeni na kuyatenda, lakini kwa mfano wa matendo yao msitende, maana wao hunena lakini hawatendi. Yaani anakata katikati. Msemaji mbovu, kilichosemwa kizima.

Na hili suala kanisa lilishawahi kupasuka kwa ajili yake. Mwaka 303 Kaisari Diocletian alitoa amri Maandiko yakabidhiwe yachomwe, na huko Afrika ya Kaskazini kuna maaskofu waliogopa wakakabidhi. Mateso yalipoisha waumini wakauliza swali lako, huyu aliyesaliti akinibatiza ubatizo huo ni ubatizo? Kundi la Wadonati likasema hapana, mikono michafu haiwezi kumpa mtu kitu safi, wakajitenga. Mtaguso wa Arles, yaani mkutano wa maaskofu, mwaka 314 ukawakatalia lakini mgogoro ukaendelea miaka mia hivi, mpaka kina Augustino wa Hippo wakajibu kwamba anayebatiza ni Kristo, mhudumu ni mkono tu. Mimi jibu hilo nalikubali. Lakini nakiri lina hatari yake, na hapo ndo mchungaji wako alipoteleza, maana ukisema uchafu wa mhudumu hauharibu ubatizo kuna watu wanasikia uchafu wa mhudumu hauna neno.

Tatu, hilo la msiwaguse masihi wangu. Ni Zaburi 105:15. Rudi nyuma mpaka mstari wa 9 usome inamzungumzia nani. Ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, watu wachache tu, wageni, wanatangatanga kutoka taifa hili kwenda lile, na Mungu anawakemea wafalme wasiwadhulumu. Mwenye nguvu anakatazwa kumdhulumu asiye na nguvu! Sasa kwenye stori yako mfalme nani na mgeni nani? Wewe uliyedhulumiwa ndo unasomewa mstari uliotungwa kukulinda. Na Daudi alikuwa masihi wa Bwana kabisa, kapakwa mafuta kweli kweli, Nathani akamwambia usoni wewe ndiwe mtu huyo. Petro naye pale Antiokia alikuwa anakula na watu wa Mataifa, Wayahudi wenzake walipofika akajitenga, Paulo akashindana naye uso kwa uso mbele ya wote, na akauita kwa jina lake, unafiki. Wagalatia 2. Hakumwita pembeni eti jina la Bwana lisiaibike.

Sijashawishika, Newton simtetei. Ila nakuletea mtu mwingine, Frederick Douglass, kazaliwa mtumwa Marekani. Bwana wake aliokoka kwenye mkutano wa injili 1832, Douglass akatumaini mambo yatakuwa nafuu, yakawa mabaya zaidi, jamaa anamchapa mwanamke kilema huku ananukuu Maandiko. Huyo Douglass alipoandika maisha yake 1845 akaona lazima aongeze maelezo mwishoni, kwamba anaupenda Ukristo wa Kristo na ndo sababu anauchukia Ukristo wa wenye watumwa. Mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuvitupa vyote viwili aliona ni vitu viwili. Mimi sijawahi kuchapwa, nani anipe haki ya kuona kidogo kuliko yeye.

Sijashawishika

Jiwe_Pembeni umejibu kama mtu mzima, nashukuru, huwa tunatukanwa tu humu. Douglass nampokea. Lakini ona ulichofanya, umetoka kwenye matunda ukanipeleka kaburini. Sawa twende huko. Paulo anasema waliomwona ni zaidi ya mia tano na wengi wako hai, lakini hilo ni neno la Paulo mmoja, hao mia tano hawajaandika. Tacitus, mwanahistoria Mrumi, anathibitisha Kristo aliuawa chini ya Pilato, kuuawa tu, kufufuka hajagusa. Kwa hiyo hapo unabaki na kuamini.

Na matunda bado nakudai jibu.

Jiwe_Pembeni

Nabaki na kuamini ndiyo, sijawahi kusema nina picha. Ila ni kuamini mashahidi, na swali la mashahidi linachambulika, wewe hapo umeanza kulichambua. Ndo maana nasema ugomvi wa kweli uko hapo, haupo kwenye risiti za yule mzee.

Matunda nakujibu kwa kinywa cha adui. Kaisari Julian, ametawala 361 mpaka 363, aliukimbia Ukristo na akaamua kufufua miungu ya zamani. Akamwandikia kuhani wake mkuu kule Galatia analalamika, hawa Wagalilaya (ndo alivyowaita Wakristo) wasiomcha Mungu wanawalisha maskini wao na wa kwetu juu, sisi tumekaa. Huyo hakuwa na sababu ya kuwasifia. Kwa hiyo mbegu huota. Kwa nini kwa Newton ilichelewa hivyo na kwa mzee wa Kalamu haijaota kabisa, Yesu mwenyewe alisema shambani mna ngano na magugu mpaka mavuno, Mathayo 13. Najua utasema hapo najificha.

Sijashawishika

Unajificha, ila umejificha vizuri 😀

Simama_Imara

Ndugu zangu acheni kuhukumu msije mkahukumiwa. Nani kati yenu hana dhambi? Huyo mzee ni mwanadamu kama sisi, sote tumetenda dhambi na kupungukiwa na utukufu wa Mungu. Badala ya kumwombea mnamwanika mitandaoni. Shetani anashangilia uzi huu.

Mpita_Njia

Simama_Imara hapa hakuna jina la mtu wala la kanisa, kaanikwa nani? Halafu hayo maneno nimeyasikia sana. Ravi Zacharias, mtetezi wa imani aliyejulikana dunia nzima, alipolalamikiwa na mwanamke akiwa hai watu wakamkingia kifua hivi hivi, shetani anashambulia huduma. Akafariki Mei 2020 akazikwa kwa sifa. Februari 2021 huduma yake mwenyewe ikatoa ripoti ya uchunguzi iliyothibitisha alikuwa anawadhulumu wanawake kingono kwa miaka. Mimi kaka yangu alirudi kwa Mungu kwa kumsikiliza yule bwana, akakaa wiki nzima hasemi. Nilimuuliza tu swali moja, hoja zake ulizozipenda, leo zimegeuka kuwa uongo? Akasema hapana, zimebaki vile vile, ila sauti inayozisema kichwani ndo siwezi tena kuisikiliza. Nadhani hapo ndo alipo mtoa mada. Waliomkingia kifua walidhani wanamlinda Mungu.

Mtoto_wa_Madhabahu

Nimesoma uzi wote nikasema nipite kimya, nimeshindwa.

Mimi baba yangu ni mhubiri. Watu wameokoka kwa mahubiri yake, wengi, na wengine mpaka leo wakiniona wananishika mikono wananiambia una bahati kuwa na baba kama yule. Nyumbani palikuwa pengine kabisa. Nitawapa kitu kimoja tu. Siku moja alikuwa anamfokea mama jikoni, maneno ambayo siyaandiki hapa, simu ikaita. Akapokea, "Bwana asifiwe mtumishi, ndiyo, ndiyo, tunamshukuru Mungu", sauti laini kama mafuta. Dakika mbili hivi. Akakata simu, akarudi kwenye sentensi ile ile pale pale alipoiachia, hata neno halikumpotea. Nilikuwa na miaka 13, nimekaa na daftari la hesabu, na kilichoniogopesha ni ile kuweza kwake kuweka alama na kurudi, ukali wenyewe nilishauzoea.

Simama_Imara kwa hiyo naomba nikwambie tofauti, maana mnapenda kuichanganya. Mtu dhaifu ni yule wa Warumi 7, lile jema nilipendalo silitendi, na linamuuma, analia, anaomba msamaha, anaanguka tena, anaona aibu. Huyo si mnafiki, huyo ni sisi sote. Mnafiki haimuumi, kashapanga vyumba viwili na ana mlango katikati anaofungua na kufunga. Mzee wa "inua Neno hapo uandike" huyo hakuanguka. Mtu aliyeanguka hana utaratibu. Na hilo la msihukumu, sura ni Mathayo 7, endelea kusoma, itoe kwanza boriti katika jicho lako ndipo utakapoona vema kukitoa kibanzi. Kibanzi kinatolewa bado, hakijaambiwa kikae.

Nikiwa na 15 nikaamua Mungu hayupo. Sikumwambia mtu, nilikuwa naenda kanisani nakaa safu ya mbele na familia nafumba macho nahesabu mpaka mia. Yaani na mimi nikawa mnafiki, wa upande wa pili. Hilo sikuligundua mpaka nimekuwa mtu mzima na lilinipunguzia kiburi.

Kilichonirudisha si hoja, samahani Jiwe_Pembeni, zako nzuri lakini wakati ule nisingezisikia. Kulikuwa na mama mmoja wa makamo, hana cheo chochote, anafagia kanisa jumamosi. Siku moja wakati wa matangazo akasimama kwenye nafasi yake, hakwenda mbele, akasema nilimsingizia dada fulani kwamba alichukua hela za kikundi, nilijua si kweli, nilimsingizia mbele yenu kwa hiyo nakanusha mbele yenu, na hela nilichukua mimi, nimeshaanza kurudisha. Akakaa. Kinanda hakikupigwa, hakuna aliyesema haleluya, watu waliangalia sakafu. Yule dada aliyesingiziwa alikuwa kaketi safu mbili nyuma yangu nikamsikia anapumua kwa nguvu. Tangazo lililofuata lilikuwa la usafi wa mazingira.

Nikakaa pale nikawaza, huyu kapata nini? Heshima kapoteza, hela karudisha, hajaimbiwa. Nilikuwa nimeshaona watu wengi wanaomtumia Mungu kupata kitu, huyo alikuwa wa kwanza kumwona ambaye Mungu alimgharimu. Sijasema hiyo inathibitisha Yesu alifufuka. Nasema tu nilikuwa nimeshafunga kesi na pale ikabidi niifungue. Kaka Sijashawishika, matunda mengi ya hivi hutayaona maana hayapandi jukwaani, waliopanda jukwaani ndo unaowahesabu.

Baba bado anahubiri. Naamini anachohubiri. Yeye sijui kama anakiamini.

Mguu_Nje

Nilikuja kutania, dada umenikalisha chini.

Simama_Imara

Dada pole kwa uliyoyapitia. Bado naona tuwaombee.

Mtoto_wa_Madhabahu

Nawaombea kila siku kaka. Na mama nilimsaidia kuhama. Vyote viwili vinawezekana.

Kalamu_Kavu

Wakuu nimerudi, nilikuwa nasoma kimya kimya tangu jana, nimesoma ya dada hapo juu mara tatu.

Niseme nilipofika. Jiwe_Pembeni umenitenganishia maswali na nimekubali ni mawili. Lakini nimegundua kuna la tatu ambalo hata mimi sikuliandika, kwamba mimi nilikuwa nasema amina. Kile kitabu cha chini mwandiko ni wangu. Miezi minne naandika risiti za uongo kwa sababu nataka mshahara, jumapili naimba. Nimekuja hapa kuuliza kuhusu boriti ya mtu huku kalamu nimeishika mimi. Hilo halimfanyi yeye kuwa na haki, hela yangu ni hela yangu, ila limenifanya niache kujisikia kama nabii.

Imani sijui kama imerudi. Sijaondoka pia. Nimeanza kusoma 1 Wakorintho yote tangu mwanzo, sio vipande, na kusema kweli ni barua ya mtu aliyechoshwa na kanisa lake kuliko mimi.

Swali dogo la mwisho, nifanye nini na huyu mzee? Kumshitaki naogopa, kukaa kimya nimeshakaa.

Jiwe_Pembeni

Mathayo 18:15 mpaka 17 imepanga hatua. Kwanza mwendee wewe na yeye peke yenu, asiposikia chukua mmoja au wawili, asiposikia liambie kanisa. Mchungaji wako karuka hatua zote akaenda kwenye kunyamaza ambayo haipo kwenye orodha. Na mpe Yakobo 5:4, ujira mliouzuia kwa hila unapiga kelele. Ujira wenyewe unapiga kelele mkuu, hata wewe ukinyamaza. Ila hilo la risiti nalo lisafishe, ukimdai kwa mkono mmoja na mwingine umeficha utakuwa huna nguvu.

Sijashawishika

Na mimi nisiyeamini naongezea, andika. Usimpigie, andika tarehe, miezi mingapi, kiasi gani. Ofisi za kazi hazisomi Zaburi, zinasoma karatasi. Na ukienda na wa pili niambie, nitakuwa shahidi hata kama sifungi macho kwenye maombi.

Mtoto_wa_Madhabahu

Akikushika mkono kuomba, mwache aombe, akimaliza usiseme amina. Subiri.

Kalamu_Kavu

Nimemwandikia meseji leo saa mbili asubuhi. Nimeweka miezi, kiasi, na nimemwambia kitabu cha chini sitaandika tena na nilichoandika niko tayari kukieleza popote. Mstari nimeweka mmoja tu, huo wa Yakobo.

Tiki mbili za bluu. Saa kumi na moja sasa hivi, anaandika, anaacha, anaandika, anaacha.